Pima Rimu Kwanza, Ndipo Ulinganishe Bei

Juzi usiku dada mmoja wa ununuzi na ugavi katika chuo kimoja cha Lindi aliniandikia. Bosi wake amemwekea mezani bei ambazo chuo kimoja cha Dar es Salaam kinanunulia karatasi, akamuuliza kwa nini anazonunua yeye ni ghali. "Kaka, nimelia ofisini," akasema.

Namwelewa mno. Mimi niliulizwa swali hilohilo hapa chuoni kwetu Mtwara, mbele ya menejimenti nzima, na mkubwa mmoja akatamka wazi, "Huyu anakula na wazabuni." Miaka imepita, neno lile bado limenikaa kooni.

Siku ile nilitoka kikaoni moja kwa moja hadi stoo, nikachukua rimu moja nikaenda kuipima dukani. Rimu ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba, karatasi 500, ina kilo mbili na nusu. Yetu ilifika. Nikampigia mwenzangu wa chuo cha Dar tulicholinganishwa nacho, naye akapima ya kwao: kilo mbili na gramu mia mbili hivi. Hiyo ni karatasi ya gramu 70, nyepesi zaidi! Kwenye orodha yao waliandika "karatasi A4", basi. Tulikuwa tunalinganisha nazi na dafu. Isitoshe, bei yao haikuwa na VAT ya asilimia 18, na mzigo waliufuata wenyewe kwa gari la chuo. Wa kwetu unasafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, na aliyekuwa na oda njiani Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, anajua maana yake.

Lakini nisiwafiche. Baada ya kusawazisha yote hayo, bado tulikuwa juu. Nikafungua faili la LPO, zile hati za kuagizia bidhaa: karatasi tumeagiza mara kumi na moja kwa mwaka mmoja, rimu ishirini ishirini, na malipo yanatoka baada ya miezi mitano. Mzabuni wetu mmoja akaniambia bila kificho, "Nyinyi nawawekea na bei ya kusubiri." Iliniuma, kwa sababu pale hakuna wa kumsingizia umbali.

Kwa hiyo wenzangu, kusanyeni mahitaji ya idara zote kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, muagize kwa pamoja. Angalieni bei za mikataba ya GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, na tuzo za zabuni zinazotangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Kwenye jedwali lenu andikeni gramu, idadi, VAT, usafiri na siku za kulipwa. Siku za kulipwa msiziruke! Hii ni ada ya mtoto wa mkulima wa korosho tunayoishika mikononi, na anayeitumia kizembe ajue kuna mzazi amelala shambani akiitafuta.

Leo asubuhi dada yangu wa Lindi amenitumia picha. Rimu iko juu ya mizani ya duka, mshale umesimama kwenye mbili na nusu.