Stereo inayokwaruza mara moja moja: tafuta kutu kabla ya kununua kipuri

Kwenye nyumba za Shangani, Mikindani au zile zinazotazama ghuba ya Lindi, mkwaruzo unaokuja na kuondoka mara nyingi hautokani na kifaa kilichoungua. Ni pini au waya ulioshika kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na shaba inafanya ukijani. Sauti inayopita kwenye waya wa AV ni umeme mdogo sana, haiupenyi utando huo sawasawa. Kitu kikitikisika kidogo tu, krrr! Kununua spika mpya kwa ajili hiyo ni kutupa pesa.

Kama unasikia "tak" moja kila friji inapowaka au kuzima, hiyo inatoka kwenye umeme wa nyumba. Hamishia stereo soketi nyingine. Hapa tunatafuta mkwaruzo usio na ratiba.

Shusha volyumu hadi sifuri. Mkwaruzo ukibaki, ubovu uko mbele ya volyumu: ampu, waya za spika au spika. Ukipotea, uko nyuma yake: deki, simu, waya wa AV, au volyumu yenyewe. Ni jaribio la sekunde tano, na wenye haraka ya kushika bisibisi huliruka.

Ulipobaki, zima kisha badilishana waya za spika nyuma ya ampu, wa kushoto uende kulia. Mkwaruzo ukihamia spika ya pili, mgonjwa ni ampu. Ukiganda palepale, ni spika au waya wake. Ulipopotea, fanya hivyohivyo na pini za AV: ukihama, lawama ni ya waya au deki.

Ncha za waya wa spika zilizoota ukijani usizisugue. Kata sentimita 2 au 3 hadi ukute shaba inayong'aa, menya sentimita 1, sokota vizuri. Unywele mmoja wa shaba ukigusa upande wa pili unaweza kuua ampu. Pini za AV zifute kwa spiriti, kisha zichomeke na kuzizungusha mara kumi.

Volyumu inayokwaruza ukiigusa inahitaji dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi na volyumu. Chomoa umeme, fungua kifuniko, pulizia mara mbili kwenye tundu la volyumu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30, subiri dakika 20. Petroli tafadhali hapana: inawaka na inakula plastiki. Mafuta ya kulainisha bawaba nayo yanaacha utelezi unaonasa vumbi, na baada ya muda mkwaruzo unarudi.

Upande mmoja ukinyamaza kisha ukarudi ghafla ukiongeza sauti, shuku relei ya spika, yaani swichi ndogo ndani ya ampu inayounganisha spika. Vidole vyake vimeungua. Nunua nyingine ya volti zilezile zilizoandikwa mgongoni.

Mkwaruzo unaoanza baada ya ampu kupata moto mara nyingi ni risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye bodi. Ampu ikiwa inaimba, gonga bodi taratibu kwa kijiti kikavu kutafuta panapokwaruza, mkono mmoja ukiwa mbali. Upande wa trafo kuna volti 230, kwa hiyo asiyezoea amwachie fundi. Tazama miguu ya transista zilizofungwa kwenye bati la kupoza na jeki za nyuma: ufa huonekana kama pete nyembamba kuzunguka mguu. Kabla ya kulehemu chomoa umeme, kisha kausha umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya ohm 1,000, wati 5, kwa dakika moja, na upime. Nyonya risasi ya zamani kwanza. Kuongeza mpya juu yake hakudumu.

Ukimpelekea fundi, mwambie ni upande gani, unabaki volyumu ikiwa sifuri au la, na unaanza baada ya dakika ngapi.