Maswali na majibu: Mashine mpya zimefika, mfanyakazi ana haki gani?

Nimechuma chai kwa mkono kwa miaka 14. Mashine za kuchumia zimeletwa, na mnyapara ametuambia kwamba mwisho wa mwezi tuondoke. Tunadai nini? (Mufindi)

Kabla ya fedha, mnadai kushirikishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakubali kwamba mabadiliko ya teknolojia yanaweza kuwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, lakini inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, kisha ashauriane nanyi au na chama chenu kuhusu sababu zenyewe, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua na kiinua mgongo chao. Maneno ya mnyapara shambani si mashauriano. Narudia jambo hili kila mara kwa sababu wengi hunitafuta wakiwa wamekwisha kutia dole gumba kwenye karatasi inayodai kwamba walikubali.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo, na miaka haihesabiwi zaidi ya 10. Miaka yako 14 inakupa siku 70. Ongeza notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Mkipewa nafasi ya kujifunza kuendesha mashine hizo, msiikatae kwa hasira, kwa kuwa anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi hupoteza kiinua mgongo. Wenye mikataba ya msimu waanze kwa kuisoma mikataba hiyo.

Mizani mpya ya kidijitali inasoma kilo pungufu. (Rungwe)

Tazameni kama ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kama haina, au mnaishuku, wapelekeeni malalamiko wakala hao.

Kiwandani kwetu tunaingia kwa alama ya kidole. Vidole vyangu vimelika kwa mbao, kifaa hakinitambui, na nimekatwa mshahara wa siku mbili nilizofanya kazi. (Mafinga)

Hili limeniuma, kwa sababu unaadhibiwa kwa mikono iliyochakazwa na kazi yao wenyewe. Andika barua leo, utaje siku hizo, zamu yako na wenzako waliokuona, na ubaki na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihesabu alama ya kidole kuwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomhusu usitegemee mtambo peke yake. Daini daftari la mahudhurio liwepo pembeni ya kifaa. Mwajiri akinyamaza, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waulizeni pia alama zenu zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Ni wachache mno wanaouliza.

Nisome kozi gani ya kompyuta ili nisikose kazi? (Mbeya)

Swali hili huja kila wiki bila mwandishi kusema ana elimu gani wala anataka kazi gani. Mitambo inayojiendesha huharibika, na kiwanda humtafuta fundi umeme au fundi mitambo anayeelewa vihisi vya mitambo hiyo na mifumo ya kuiongoza. Anzia VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Wiki tatu za kujifunza kuchapa barua hazitakufikisha huko, na anayekuuzia cheti kwa simu ni tapeli.

Msimamizi hutuma kazi kwa WhatsApp saa nne usiku. (Iringa)

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Usifute ujumbe hata mmoja.

Nilipunguzwa mwaka jana baada ya mtambo mpya kufungwa, bila mashauriano yoyote. Naweza kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? (Njombe)

Muda wa kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30, nawe umeuacha upite. Unaweza kuiomba Tume ikuongezee muda, ila utatakiwa kueleza kwa nini ulichelewa, na kusema kwamba ulikuwa ukisubiri kuitwa tena ni sababu dhaifu. Nenda wiki hii hii, ukiwa na barua ya kuachishwa na karatasi yoyote uliyotia saini.