Losheni Inapungua Sufuriani: Maji Yanakwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninatengeneza losheni nyumbani kwa ajili ya majirani na wateja wachache. Hupima viungo vya gramu 500: maji 350, mafuta ya alizeti pamoja na nta ya nyuki 110, emalsifaya (kiungo kinachoyaunganisha maji na mafuta) 30, gliserini 5 na kihifadhi 5. Ningetarajia kujaza chupa 10 za gramu 50, lakini hujaa 9 na kidogo tu, na losheni yenyewe ni nzito, haitoki chupani mpaka niigonge. Nta nainunua kwa warina asali wa Sikonge, na sasa nimeanza kuishuku. Je, niipunguze?
Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba. Nta usiiguse kwanza. Kiasi fulani cha losheni hubaki kimeganda kwenye sufuria na mwiko, lakini sehemu kubwa ya upungufu wako ni maji yaliyopanda na mvuke ulipokuwa ukiyapasha moto. Mafuta na nta havipungui kwa namna hiyo katika joto la nyuzi 70 au 75. Ni maji tu yanayokuaga, nayo hayasubiri kuchemka ndipo yaondoke. Kiangazi cha Tabora, hewa ikiwa kavu na sufuria ikiwa pana na wazi, dakika 20 jikoni zinatosha kukupotezea gramu nyingi. Hata hivyo hukukosea sana kuishuku nta, kwa sababu maji yakipungua, nta ileile huchukua nafasi kubwa zaidi katika mchanganyiko, na ndiyo maana losheni inakuwa ngumu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kihifadhi. Gramu 5 katika gramu 500 ni asilimia 1, lakini zikipotea gramu 40 za maji, gramu zilezile 5 zinakuwa karibu asilimia 1.09. Ikiwa unatumia fenoksiethanoli, ambayo sheria za Umoja wa Ulaya zinataka isizidi asilimia 1, umekwisha kuvuka mpaka bila kujua.

Dawa yake ni mizani uliyo nayo tayari. Weka maji na gliserini katika sufuria ndogo, uifunike, kisha upime vyote kwa pamoja, sufuria na kifuniko chake, na uandike uzito huo. Tuseme ni gramu 767. Pasha moto sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kwani moto wa mkaa ukiigusa moja kwa moja hauongozeki. Ukiitoa, pangusa kitako chake kwa kitambaa kikavu kabla ya kupima tena. Hapa ndipo wengi hujidanganya, maana matone ya sufuria ya nje yaking'ang'ania chini huonekana kama maji ambayo hayajapotea. Matone yaliyo ndani ya kifuniko, kwa upande mwingine, ni yako, yarudishe sufuriani. Mizani ikisoma 731, umepoteza gramu 36, basi ongeza gramu 36 za maji moto yaliyokenekwa, ndipo uyaunganishe na mafuta.

Wapo wanaoongeza maji ya ziada mapema kwa kukisia. Siwaungi mkono, kwa kuwa moto wa leo si wa jana, na mbinu hiyo inakuacha hujui ulichokipika.

Maji huendelea kutoka wakati wa kukoroga, kwa hiyo pima tena mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu, ukitoa uzito wa sufuria tupu ulioupima mapema, na ufidie kwa maji moto yaliyokenekwa kabla ya kutia kihifadhi, joto likishashuka chini ya nyuzi 40. Losheni iliyokwisha kupoa na kuganda usiitie maji, kwani inaweza kukatika, mafuta yakajitenga juu. Hizo chupa 9 zilizokwisha kujaa usiziuze, hasa ikiwa kihifadhi chako ni hicho nilichokitaja.