Huyo binti asipande basi kesho, mtoto aonwe kwanza

Zuia hiyo safari. Mengine tutaongea baadaye, ila kesho asubuhi huyo dada asipande basi la Singida.

Umeandika mtoto ana miezi miwili, arobaini yote alikuwa anaogeshwa na bibi yake, bibi kaondoka, dada wa kazi kashika zamu. Juzi mumeo kamgeuza mtoto akaona mabaka ya bluu iliyoingia kijivu kiunoni na kwenye makalio, akasema ni kipigo. Jirani kaunga mkono. Baba yake dada ameshapigiwa simu, na mnafikiria kupitia dawati la jinsia polisi kabla ya stendi. Halafu chini kabisa umeongeza wekundu wa kisogoni, hospitali za ngozi hapa Dar, sabuni ya kutumia.

Mama, mtoto aonwe na daktari au nesi wa kliniki KABLA jina la mtu halijatajwa. Nina sheria hiyo moja tu, na niliinunua kwa bei ambayo siwezi kukuombea.

Mimi ni wale akina baba wanaopewa mtoto akiwa ameshaoga, amepakwa mafuta, ananukia, kazi yangu kupiga naye picha na kumrudisha. Kwangu, Kimara, mambo yalikuwa kama kwako: mama mkwe aliogesha, akaondoka, mke wangu akamaliza zile siku 84 za likizo ya uzazi akarudi kazini, dada akabaki na mtoto. Jumamosi moja dada katumwa dukani, mke yuko zamu, mtoto kajichafua. Nikafungua nepi kwa mikono yangu mwenyewe, na ndipo nikakutana na baka la bluu lililotanda kalio zima mpaka kiunoni.

Nikapiga picha kwa mwanga wa simu, nikamtumia mke wangu. Yeye alijua kuna weusi hapo. Ila ile picha ya tochi ilitisha kiasi kwamba na yeye akaanza kuyashuku macho yake. Akaniandikia, "Mbona mimi sikuliona hivi?" Basi. Hakimu nikajipa kazi.

Sikwenda zahanati, ingawa ipo. Nilikwenda duka la dawa la mtaani kwa sababu muuzaji alikuwa na koti jeupe na mimi nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hahitaji daktari, anataka shahidi. Yule bwana aliitazama picha huku anahesabu chenji ya mteja mwingine. Akasema, "Damu imevilia hiyo. Kapigwa au kaangushwa. Mnawaamini sana hawa mabinti." Akaniuzia na tyubu ya dawa ya kuchua, ile ya wacheza mpira wenye misuli iliyokaza. Kwa mtoto wa miezi minne!

Kaka wa koti jeupe, bado nina maneno na wewe. Hukuuliza mtoto ana umri gani. Hukuuliza kama baka lilikuwepo tangu kuzaliwa, hukuuliza kama analia likiguswa, hukuomba hata nimlete umwone. Umeuza tyubu moja na umeharibu nyumba mbili, kisha ukaniambia karibu tena.

Nikarudi nyumbani nikaitisha kikao, mimi mwenyekiti, mimi mlalamikaji, mimi mpelelezi. Dada kasimama mlangoni na mfuko wa nyanya. Akasema, "Baba, hili alikuwa nalo toka nimekuja." Nikaona ni kiburi. Sentensi nzima ya kweli, ya mtu anayemwogesha mwanangu kila siku, na mimi niliyefungua nepi mara ya kwanza maishani nikaona ananidanganya. Alfajiri nikampeleka stendi ya Magufuli, nikampa nauli ya Kondoa na sehemu ya mshahara, nikampigia baba yake kabla basi halijatoka nikamwambia kwa nini namrudisha. Hilo la kumpigia baba yake ndilo lililogharimu kuliko yote, na wewe mumeo ameshalifanya, ndiyo maana naandika usiku huu badala ya kulala.

Ile dawa ya kuchua nikampaka mtoto. Alilia kilio ambacho sijakisikia tena tangu siku hiyo, ngozi ikawaka nyekundu. Kuna vitu ndani ya dawa hizo, menthol na kafuri, ambavyo kichanga havimfai kabisa, vinaweza kumletea shida hata ya kupumua. Tukamwosha, tukakimbia naye kituo cha afya kwa sababu ya ule wekundu. Nesi kauliza nimempaka nini, nikataja, akaniangalia kwa muda mrefu. Nikaona nijitetee kwa kumwonyesha baka: si unaona sister, huyu alipigwa.

Akacheka. Akamwomba mama aliyekaa benchi moja na sisi amfunue wake. Baka lile lile, dogo kidogo. Akasema angepita benchi zima angepata mengine.

Nilivyoelewa kwake, na kwa daktari aliyekuja baadaye, ni hivi. Mtoto akiwa tumboni, chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi husafiri kutoka ndani kwenda tabaka la juu. Baadhi huishia njiani, zikabaki chini, na rangi iliyo chini ya ngozi ikipigwa na mwanga huonekana bluu au kijivu badala ya kahawia. Hilo ndilo baka la kuzaliwa. Hukaa zaidi kiunoni na kwenye makalio, lakini waweza kuliona hata begani au mguuni. Haliumi, halijavimba, halina ugonjwa. Watoto weusi wengi sana huzaliwa nalo, na watoto wa Asia pia. Daktari Mjerumani aitwaye Erwin Bälz aliyaandika mabaka haya akiwa Japani mwaka 1885. Yaani dunia imeyajua zaidi ya miaka mia, habari zikachelewa kufika duka la dawa la mtaani kwetu. Kwa kawaida hufifia lenyewe kabla au karibu na umri wa kuanza shule. Wachache hubaki nalo ukubwani na hawafi.

Damu iliyovilia tabia yake nyingine. Inauma ikiguswa, mara nyingi imevimba, na inabadilika rangi ndani ya siku chache, inaingia ukijani na unjano, kisha inaondoka, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi. Baka la kuzaliwa utalikuta leo, utalikuta mwezi ujao, liko vile vile.

Sasa usije ukanisoma nusu. Sijasema watoto hawapigwi. Kichanga ambaye hajaanza hata kujigeuza, akiwa na damu iliyovilia kweli, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Au akilia ukimgusa sehemu moja, akiwa na uvimbe, mkono au mguu hausogezi, anatapika, amelegea, hapo usingoje asubuhi. Ndiyo maana nasema aonwe kwanza: kama ni kipigo daktari atakiona na kukiandika, na huko dawati la jinsia mtakwenda na karatasi mkononi. Kama si kipigo, mtakuwa hamjamharibia mtu jina. Mwombe nesi aandike kwenye kadi ya kliniki baka liko wapi na lina ukubwa gani. Ikiandikwa hapo, shangazi, jirani wala mwalimu wa chekechea hatakuja kuwashtaki ninyi kesho.

Na fungua simu zenu usiku huu. Sisi baada ya kutoka kituo cha afya mke wangu alirudi nyuma kwenye grupu la familia, akaikuta picha ya siku ya kwanza: mtoto kalazwa kifudifudi kwenye mzani wa wodini, baka linaonekana waziwazi. Ndugu zangu wote walikuwa wameijibu kwa maua na makofi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeituma! Nikampigia mama yangu Tanga, akasema hata mimi nilizaliwa nalo. Mama, ungeniambia lini?

Dada nilimpigia, hakupokea. Baba yake alipokea. Kijijini binti yake alikuwa ameshaitwa mpiga watoto, kwa sababu simu yangu ilisikika na watu aliokuwa amekaa nao. Hakutaka nitume pesa, alitaka niende niseme kwa mdomo ule ule mbele ya watu wale wale. Nikaenda Kondoa. Wazee wakanisikiliza vizuri sana, wakanitoza mbuzi. Katika kisa hiki chote aliyekufa ni mbuzi huyo peke yake. Mshahara wake niliumalizia, binti aliupokea, kurudi kwangu alikataa, na nampa haki yake. Mke wangu akaomba likizo bila malipo, na wasichana waliofuata sitaki hata kuwasimulia hapa.

Wekundu wa kisogoni: kama ni bapa na amezaliwa nao, ni vijimshipa vya damu vilivyo karibu na ngozi. Vya kwenye kope na paji la uso mara nyingi hufifia ndani ya mwaka mmoja au miwili, vya kisogoni huweza kubaki na nywele zikavifunika. Si kwamba umeshika kisogo wakati wa kupatwa kwa mwezi ukiwa mjamzito, mwambie huyo jirani. Anayetaka daktari mapema ni mwenye uvimbe mwekundu unaokua haraka miezi ya mwanzo, hasa karibu na jicho, puani au mdomoni, au ukichubuka, kwa maana huo una dawa na dawa yake inataka kuwahi. Vile vile wekundu wa divai unaoshika kope na paji upande mmoja, na mabaka ya kahawia yakifika sita au zaidi yenye upana unaozidi milimita 5. Hayo usiyaulize hapa, myapeleke.

Lakini hayo si ya usiku huu. Usiku huu mwambie mumeo ampigie tena baba yake dada, amwambie safari imeahirishwa kwa sababu mtoto anakwenda kliniki, na huyo huyo dada ndiye ambebe, maana yeye ndiye anayejua baka lilikuwepo tangu lini. Kama mumeo ni mbishi mpe simu asome hapa. Akikataa kusoma, nipo macho, aniandikie inboksi nimweleze mbuzi wa Kondoa ana bei gani.