Kigunduzi cha Mwanga: Kidoleni na Kichwani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea ufundi wa vifaa tiba. Kifaa kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni ya damu kwa fotodayodi (kigunduzi kinachogeuza mwanga kuwa umeme) ndogo ya bei nafuu. Je, hiyohiyo haiwezi kupima oksijeni ya ubongo kupitia paji la uso? Na je, kigunduzi chenye hisi kali zaidi kitapunguza makosa kwa wenye ngozi nyeusi? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Inaweza, na zipo mashine za wodini zinazofanya hivyo, ila kwa masharti. Kidoleni, mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 huvuka nyama nyembamba, hivyo unaofika upande wa pili huitosha fotodayodi ya silikoni. Kichwani hakuna upande wa pili wa kuutegea. Tangu Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alipoonyesha mwaka 1977 kwamba infraredi hupenya fuvu, taa na kigunduzi huwekwa upande mmoja, kwa mtu mzima mara nyingi sentimita 3 hivi baina yao, na kinachopimwa ni mwanga uliotawanyika ndani ukarudi juu. Ukivisogeza karibu utaipima ngozi badala ya ubongo. Ukivitenga, kila sentimita moja hupunguza mwanga takriban mara kumi.

Hapo ndipo fotodayodi ya kawaida huelemewa, kwa kuwa kila chembe ya mwanga huipatia elektroni moja tu, na mkondo mdogo namna hiyo humezwa na kelele za kikuza umeme kinachoufuata. Fotodayodi ya maporomoko huzidisha elektroni hizo ndani yake yenyewe, mara nyingi kufikia mia moja, lakini hudai volti nyingi na uzidishaji wake hubadilika joto linapobadilika. Mirija ya fotomaltiplaya huzidisha hata mara milioni. Hata hivyo mingi hupungua nguvu kadiri infraredi inavyozidi, na taa ya chumbani inaweza kuiharibu. Mimi ningeanza na silikoni yenye eneo pana, taa inayowashwa na kuzimwa kwa mdundo maalumu ili mwanga wa dirishani utengwe, na kitambaa cheusi juu yake.

Kuhusu ngozi, utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo cha kidoleni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Weupe. Hisi kali huongeza mwanga unaosomeka. Haisahihishi jedwali la urekebishaji, yaani lile linalogeuza mwanga uliopimwa kuwa kiwango cha oksijeni, ikiwa lilitungwa kwa kupima watu ambao wachache tu kati yao walikuwa na ngozi nyeusi.