Yule wa kijani na yule wa kahawia

Masika fulani nyoka wawili walionekana wamesokotana juu ya mwembe wetu, Kisauni. Mmoja kijani, mwenzake kahawia kama tawi lenyewe. Uani pakajaa watu. Ami yangu, ambaye barazani hapingwi, akakata shauri: "Huyo wa kijani ni hongo, kampata koboko. Watakaozaliwa ni chotara, na sumu yao haina dawa."

Nami nikaamini. Nikapiga picha, nikamtumia mfugaji mmoja wa nyoka kule Watamu, kwa kujigamba kidogo. Akanijibu kwamba hapo hapana hongo wala koboko: wote ni bumslangi, nyoka wa mitini mwenye sumu, mume na mkewe. Dume mara nyingi huwa kijani, jike kahawia. Kichwa kifupi, macho makubwa mno. Tena koboko mwenyewe, ingawa kwa Kiingereza huitwa "black mamba", si mweusi. Ni wa kijivu au rangi ya zeituni, weusi wake umo kinywani.

Chotara wapo, sikatai. Marekani wako wafugaji wanaopandisha makusudi nyoka wa aina zinazokaribiana. Mwaka 2018 watafiti waliopima chatu wapatao 400 wa Florida, wale wenye asili ya Burma, waliwakuta 13 wana damu ya chatu wa India. Lakini hao ni ndugu wa karibu. Undugu ukiwa wa mbali, mambo hayaendi. Dume humfuata jike kwa harufu ya ngozi yake, anayoidaka kwa ulimi, na ya jike wa kabila jingine kwa kawaida haimshughulishi. Bafe huzaa watoto, koboko hutaga mayai. Hao watapatana wapi? Swila na chatu ndiyo usiseme.

Basi ukiona nyoka wa rangi ngeni, usikimbilie chotara. Jiulize kwanza: ni dume au jike? Au ni mtoto? Maana watoto wa nyoka wengi hawafanani na wazazi wao.

Kukosea jina kuna gharama yake. Sumu ya bumslangi huzuia damu kuganda, nayo huja polepole. Aliyeumwa anaweza kushinda akijiona mzima. Mwaka 1957, huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, aliumwa na bumslangi mchanga. Hakutafuta matibabu, na kesho yake akafa. Dawa ya sumu hiyo hutengenezwa Afrika Kusini, na si ile ya koboko. Kwa hiyo ukiumwa usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Nenda hospitali hata kama huoni dalili, na ueleze ulichokiona, si jina ulilopewa na majirani. Picha ikiwapo ni bora, ila ipigwe kwa mbali. Mimi nilisimama chini ya tawi lenyewe, ujinga ambao sirudii.

Ami bado anashikilia chotara wake. Ila siku hizi maembe anayanunua sokoni Kongowea.