Nataka kukodi gari Oman, usukani upo kushoto

SWALI: Habari kaka. Mwezi wa nane naenda Oman na wife na watoto wawili, shangazi yangu yupo Ruwi pale Muscat ila sitaki awe anatuendesha kila siku kwaiyo nataka nikodi gari. Dar naendesha mwaka wa 11 huu lakini lefti hendi sijawahi kugusa. Leseni ya Bongo inatosha? Alafu shemeji anasema Salalah twende usiku kukwepa joto, we unaonaje?
Baba Nasra, Magomeni

JIBU: Baba Nasra, usukani usikutishe. Mi siku ya kwanza Muscat jua linachoma, kila nikitaka kukata kona waipa zinaanza kufuta kioo, kumbe indiketa huko ipo mkono wa kushoto na mimi nimezoea magari yetu ya Japani, watoto nyuma walicheka mpaka basi. Hiyo siku mbili unazoea. Ubaya unakuja ukishajiona umezoea, unatoka sheli asubuhi, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha, unashtukia umeshika kushoto kama upo barabara ya Mandela pale Dar. Na kipilefti ya huko jina tu, unaingilia kulia na wenye haki ni waliomo ndani tayari, wanakujia kutoka kushoto kwako. Mpe wife kazi ya kusema "kulia" kila mnapotoka parking, wala usione aibu.

Leseni nenda nayo pamoja na ile ya kimataifa ya AAT (chama cha magari cha Tanzania), ichukue kabla hujaondoka. Kinachowakwamisha wengi ni kadi: kampuni nyingi zinataka kadi ya kredit yenye jina la dereva mwenyewe, ya shangazi hawaitaki, wanashikilia dipoziti humo na faini za kamera zikija baadae wanakata humohumo. Mi niliwahi kudaiwa mchubuko wa bampa nilioukuta, kilichoniokoa ni video niliyorekodi kabla ya kuwasha gari, nimezunguka lote, rimu, geji ya mafuta mpaka chini ya bampa. Rekodi huku yule anayekupa funguo amesimama hapo.

Salalah usiku hapana kaka, shemeji asikudanganye. Ni kama kilomita 1,000 kupitia Nizwa na Haima, jangwa tupu, na ngamia wanavuka wanavyotaka, yule mnyama ni mrefu, taa zinamulika miguu tu, ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo. Tokeni alfajiri, jaza tenki kila ukiona sheli hata kama ipo nusu. Gari nyingi za huko ukifika 120 zinalia ti ti ti, ukisikia hivyo punguza maana kamera kibao. Mkikaribia Salalah mwezi wa nane ni khareef, manyunyu na ukungu, milima kijani utadhani Lushoto, hapo taa washa na mwendo shusha. Ila ningekuwa mimi na watoto wadogo ningepanda ndege nikakodi gari nikifika.

Gari dogo otomatiki linakutosha, labda mkitaka kupanda mlima Jebel Akhdar, pale chini Birkat al-Mawz polisi wanakagua na kama sio 4x4 unageuzwa. Na mvua ikinyesha wadi (korongo la mto mkavu) likajaa usivuke, hata kama umeona Land Cruiser limepita, bima za kukodi mara nyingi haziligusi gari lililoingia maji.